X ya Bibi

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu, na kuna walioanza kuulizana Yombo kama nimedisko. Sijadisko, namshukuru Mungu. Kwanza kulikuwa na testi mbili mfululizo, halafu bumu likachelewa, na bila bumu hata bando la kuwaandikieni linakuwa ndoto. Lakini sababu kubwa ni nyingine, nayo ndiyo nataka niwaeleze leo. Nyumba ninayoishi imepigwa X.

Mnaonijua mnajua kwamba nilipokosa chumba hosteli nilihamia geto kule Mlalakuwa, mwendo wa kama robo saa kutoka Mwenge kwa mguu. Nyumba yenyewe ina vyumba sita, choo cha nje, mwembe uani na mama mwenye nyumba ambaye wapangaji wote tunamwita Bibi. Nyuma ya choo kuna mteremko, na chini ya mteremko ndipo unapopita mto Mlalakuwa. Kiangazi ni mfereji tu wa maji meusi na chupa za plastiki. Masika ni kitu kingine kabisa.

Jumanne moja narudi kutoka lekcha ya mchana nakuta ukuta wa mbele una X nyekundu, kubwa kama mlango, rangi bado mbichi inachuruzika. Chini yake tarehe. Barua hakuna, jina la ofisi hakuna. Nyumba kumi na moja za mstari wetu zote zilikuwa na X zake. Bibi alikuwepo walipokuja. Aliwauliza wale vijana wa rangi kosa lake ni nini, wakamjibu, "Mama, uko mtoni," wakaenda nyumba inayofuata.

Jioni ile Bibi alinitolea mfuko wake wa nyaraka. Ni mfuko wa rambo, ile iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo hata mfuko wenyewe una kesi! Ndani kuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1989 yenye sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi. Kuna bili za maji. Kuna risiti za taka. Kuna stakabadhi za kodi ya jengo za zamani, na za sasa hazipo kwa sababu tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme tu 1,500 ya mwezi imeshaondoka. Akazipanga zote kitandani kama karata. Halafu akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi.

"Mwalimu, wewe si unasoma historia? Hebu niambie, mambo haya ya X yalianza lini?"

Bibi ananiita mwalimu tangu aliposikia nasoma ualimu, ingawa mpaka sasa nimefundisha wiki nane tu za mazoezi. Nikamwambia, Bibi nipe siku chache nitakuletea jibu. Basi badala ya kupiga msuli wa testi nikawa nazama maktaba, kule kwenye vitabu vya Afrika Mashariki. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa sababu nusu ya mnaonisoma mmepanga Mlalakuwa, Makongo, Changanyikeni au Msewe, na hamjui nyumba zenu zimesimama juu ya nini.

Tuanze na Mjerumani. Dar es Salaam iliasisiwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa amri ya ujenzi. Angalieni hapo. Mji wenyewe bado mchanga kabisa, amri ya ujenzi ishatoka. Amri ile iliugawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari zijengwe nyumba za mawe za Kizungu, nyumba za miti, udongo na makuti zikae nyuma huko. Ujanja wake ndio huu: huna haja ya kumtaja Mwafrika. Unataja ukuta na paa, basi, na mwenye makuti anajikuta yuko nyuma bila mtu kumwambia ondoka.

Mwingereza alipoingia baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliupenda ujanja huo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika sheria ya ubaguzi wa rangi waziwazi kungeleta maswali. Kwa hiyo akaendelea na kanda za viwango vya ujenzi. Kanda ya kwanza nyumba za Kizungu zenye bustani, ya pili maduka na makazi, ya tatu nyumba za aina yoyote. Watu wa mjini wakaziita kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, ikawa ndiyo Uswahilini. Kati yake na Uhindini wakaacha uwanja mtupu wasijenge kitu, kwa maelezo kwamba ni kwa ajili ya afya. Uwanja ule ndio Mnazi Mmoja. Mara ngapi tumepita pale na daladala tukidhani ni bustani tu?

Ninachotaka mkione ni kwamba kanuni za ujenzi za mji huu hazikuanza kama njia ya kumsaidia mtu ajenge vizuri. Zilianza kama mstari. Walioko ndani ya mstari walipelekewa barabara, bomba na taa. Walioko nje waliachwa wajenge wanavyojua, ila wajue tu kwamba wako nje, na siku ardhi yao ikitakiwa wataambiwa.

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya mipango miji, ikifuata mawazo ya Uingereza, nchi ambayo ilikuwa na maafisa wa kutosha wa kukagua kila kiwanja. Miaka mitano baadaye tukapata Uhuru. Sheria ile tuliibadilisha lini? Mwaka 2007! Yaani tumeishi nayo miaka 51, na miaka 46 kati ya hiyo tukiwa na bendera yetu wenyewe. Nilivyosoma hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai kwanza.

Lakini tusimlaumu mkoloni kwa kila kitu, maana hilo ndilo kosa letu wanafunzi wa historia. Serikali ya Uhuru ilikuja na nia njema kabisa. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na kazi yake mojawapo ikawa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora palepale, Magomeni, Buguruni na kwingineko. Tatizo likawa hesabu. Ukibomoa nyumba moja ukajenga moja, umetumia hela nyingi na nyumba bado ni moja, wakati watu wanaongezeka kila siku. Sensa ya 1967 ilihesabu Dar watu kama 270,000. Ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Hakuna tingatinga linaloweza kushindana na hesabu hiyo.

Wakubwa wenyewe waliliona. Mwaka 1972 msimamo ukabadilika: badala ya kubomoa, maeneo yaboreshwe, na watu wapewe viwanja vilivyopimwa. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja na huduma. Na sasa wadau kaeni vizuri, maana hapa historia inakuja mpaka mlangoni kwetu. Viwanja vile vilipimwa wapi? Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Ndiyo, Sinza hiihii tunayokwenda kula chipsi! Waliingia wapimaji kwanza, barabara zikachongwa, mabomba yakalazwa, ndipo mtu akaambiwa haya, kiwanja chako hiki, jenga kidogokidogo kwa uwezo wako. Na Manzese, ambayo watu walikuwa wameshajenga, haikubomolewa. Ilipenyezewa barabara, maji na taa palepale ilipokuwa.

Nikashuka Sinza siku ile makusudi, nikatembea kutoka Mapambano hadi Kijiweni nikiangalia. Nyumba zimebanana, ghorofa za kupangisha zimeota kila kona, baa hazihesabiki, na siyo kila mtu anafuata kanuni. Lakini gari la taka linapita. Gari la zimamoto likiitwa lina pa kupita. Na sikuona X hata moja. Siyo kwamba watu wa Sinza ni watii kuliko Bibi. Ni kwamba kwao serikali ilifika kwanza, watu wakafuata. Kwa Bibi watu walifika kwanza.

Mradi ule ulifikia mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1980, hela zikaisha na nchi ikaingia kwenye hali ngumu ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa foleni za sukari. Halmashauri nazo zilikuwa zimetoka kuyumbishwa, maana zilifutwa mwaka 1972 kwenye mpango wa Madaraka Mikoani, zile za mijini zikaja kurudishwa 1978 zikiwa hoi, mafaili yamepotea na watu wameondoka. Kanuni zikabaki kwenye makabati, wa kuzisimamia hayupo. Ila watu waliendelea kuja Dar na walihitaji mahali pa kulala.

Kuna takwimu moja nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kati ya 1990 na 2001 maombi ya viwanja Dar yalikuwa zaidi ya 240,000. Viwanja vilivyotolewa havikufika 9,000. Piga hesabu mwenyewe, katika kila watu mia walioomba kwa kufuata sheria, walipata watatu na ushee. Wale wengine tisini na sita wafanyeje, wakae stendi? Walifanya alichofanya Bibi. Walimtafuta mwenyeji mwenye shamba, wakaelewana bei, wakamwita mjumbe ashuhudie, wakafyatua tofali.

Na msidhani ni maskini tu. Ukitoka Mlimani ukavuka kidogo tu unafika Chuo Kikuu Ardhi, ambako ndiko wanakosomeshwa wapima ardhi na wapanga miji wa nchi hii. Pembeni yake kabisa ziko Makongo na Changanyikeni, ambazo wataalamu wa Ardhi hiyohiyo wamezitolea mfano mara nyingi kama makazi yaliyokua bila kupimwa. Na baadhi ya waliojenga huko ni wasomi, watumishi, watu wenye magari. Kama profesa hakupata kiwanja kilichopimwa, Bibi wa kutoka Rufiji angekipata wapi?

Sasa tuje kwenye X. Mwaka 1996 Serikali Kuu iliivunja Halmashauri ya Jiji ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Vibanda vya barabarani vikaondolewa kwa nguvu, barabara zikapitika, na wapo wanaoisifu Tume ile mpaka leo. Mwaka 2000 tukapata manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Ndiyo maana sisi asubuhi tunaamka Mwenge tukiwa Kinondoni, na lekcha tunaisikiliza tukiwa Ubungo. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, Bunju, Mbweni, Kibada na kwingineko. Ulikuwa mzuri na ulizidi hata lengo lake, ila vilikuwa mbali na mjini na vyenye bei yake.

Sheria nazo zikaja mpya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ikasema usifanye shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bahari au ziwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ikapanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Hapo ndipo zikazaliwa X za rangi mbili: nyekundu uko ndani ya mpaka wa zamani, huna chako, na ya kijani mpaka umekufuata wewe, utalipwa. Yaani rangi ya kopo inaamua kama familia itajenga tena au itapanga chumba.

X zilizotikisa sana ni za Morogoro Road. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa hoja kwamba hifadhi ya barabara pale ni mita 121.5 kila upande na kwamba msingi wake ni sheria ya tangu 1932. Kulikuwa na misikiti, makanisa, vituo vya mafuta, nyumba za watu waliostaafu wakamalizia mafao yao hapo. Kuwa mkweli niseme pia kwamba Novemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliagiza X ipigwe kwenye jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo na la Wizara ya Maji, na sehemu ya jengo la TANESCO ikabomolewa kweli. Watu walishangilia, wakasema leo msumeno umekata pande zote. Lakini shirika likibomolewa ofisi linahamia ofisi nyingine. Mstaafu wa Kimara anahamia wapi?

Halafu kuna bonde la Msimbazi, ambalo ndilo linalofanana zaidi na kesi ya Bibi. Ramani za mji za 1968 na 1979 ziliacha mabonde ya mito yawe wazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatari haikujulikana. Watu wakajenga. Desemba 2011 ikaja mvua ambayo haikuwahi kuonekana tangu 1954, ikaua watu 40 au zaidi. Mwaka 2012 baadhi ya familia zikapewa viwanja Mabwepande, kule mbali upande wa Bunju. Desemba 2015 mpaka Januari 2016 zikaja X na matingatinga, Mkwajuni na Hananasif zikavunjwa, wengine wakalala juu ya kifusi chao kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Na miezi michache baadaye, Mei 2016, mwendokasi ukaanza safari zake ukiwa na karakana yake Jangwani, ndani ya bonde lilelile! Masika yakija mabasi yakawa yanahamishwa yasizame. Mto hausomi kibali cha mtu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikapitisha mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi wa dola milioni 200, na safari hii wenye nyumba wakafanyiwa tathmini na kulipwa kabla ya kubomolewa. Wapo walionung'unika kuhusu kiwango na hawakukosea kunung'unika. Lakini linganisheni na 2015. Bonde ni lilelile na hatari ni ileile. Kilichobadilika ni utaratibu tu, kwamba mtu anaambiwa, anahesabiwa, analipwa, ndipo anaondoka.

Msinielewe vibaya. Mimi siyo mtu wa kusema kanuni zifutwe. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo la Kariakoo, wakafa zaidi ya 20, wafanyabiashara na wateja waliokuwa wameamka asubuhi kutafuta riziki. Majengo yale hayakuwa bondeni wala porini. Yalikuwa katikati ya jiji, karibu na kila ofisi inayohusika na ukaguzi. Mkaguzi anapotakiwa ni wakati nondo zinafungwa. Akija baada ya hapo anakuja na machela.

Hata pale Mwenge kwenyewe tumeliona kwa njia ya machinga. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho akawa na amani ya kupanga bidhaa zake karibu popote. Oktoba 2021 ikaja amri ya kuondoka kwenye hifadhi za barabara na juu ya mitaro, Mwenge ikiwemo. Ni kweli tulikuwa tunapita barabarani na magari kwa sababu njia ya miguu ilikuwa imejaa viatu na sidiria. Lakini yule aliyechukua mkopo wa VICOBA kununua mzigo kwa sababu aliambiwa hapa ruksa, atajuaje kama ruksa hii ni ya mwaka mmoja au mitatu?

Kwa hiyo jibu langu kwa Bibi, baada ya siku zote hizo, ni hili. X ni kanuni iliyochelewa. Tangu 1891 mji huu umekuwa na nguvu ya kubomoa kuliko nguvu ya kutangulia. Ofisi ya rangi ina miguu, inafika kila bonde. Ofisi ya kupima viwanja inasubiriwa mezani. Mara chache tulipogeuza, kama Sinza mwaka 1974, X haikuhitajika. Na kila mwaka unaopita kabla ya X serikali haikai kimya, inaweka mita, inaleta bomba, inakata kodi. Kila risiti kwenye ule mfuko wa rambo ilimwambia Bibi, unatambulika, endelea kukaa. Miaka zaidi ya thelathini ya risiti, halafu dakika tano za rangi.

Jumamosi nikampelekea. Nilimkuta uani anachagua mchele. Nikamsomea kila kitu kwenye daftari, kuanzia Mjerumani. Alipofika kwenye 1891 akacheka, "Kumbe hii X ina umri kuliko mama yangu!" Nilipofika kwenye mita 60 akanyamaza, halafu akaniambia nikapime. Nilipima kwa hatua kutoka mlango wake hadi ukingo. Hatua thelathini na nne. Nikarudi nikamwambia kweli.

"Najua," akasema. "Masika iliyopita maji yaliingia mpaka chumba cha yule kijana wa bodaboda. Wewe ulikuwa likizo."

Ndipo akanihadithia jambo ambalo hajawahi kunihadithia. Bibi amezaliwa bonde la Rufiji. Watu wa kule walikuwa wanajenga madungu, nyumba za kusimama juu ya miti, mto ukifurika maji yanapita chini wao wapo juu wanasubiri yapungue wapande mpunga. Mwaka 1968 yakaja mafuriko makubwa, na mwaka uliofuata serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya mlimani. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Babu yake alikasirika sana, maana mpunga ulikuwa bondeni, na watu wakawa wanashuka kulima na kupanda kulala, mwendo wa masaa.

"Walitusumbua," akasema, "lakini walisema mnatoka hapa mnakwenda pale. Hata kama pale pabaya, pana jina. Mimi mwalimu sibishani na mto. Mto ndio uliotangulia. Nataka waniambie pale ni wapi."

Nilikosa la kujibu, nikamsaidia kuchagua mchele.

Sasa hapa tulipo. Jumapili wapangaji tumenyanyua kabati la Bibi na godoro lake juu ya matofali, maana X au bila X vuli iko njiani. Bibi ametundika kanga juu ya ile alama, anasema inamharibia hamu ya kula. Wenye nyumba wote kumi na mmoja wamekubali tuandike barua moja kwenda serikali ya mtaa, yenye maswali matatu tu: nani ameweka alama hizi, kwa kifungu gani, na wahusika wanatakiwa waende wapi. Mimi nimeandika rasimu lakini Kiswahili changu cha kiofisi mnakijua, kinaishia "husika na kichwa cha habari hapo juu".

Mwenye rafiki anayesoma sheria, au mtu wa mipango miji pale Ardhi anayejua kupima mita 60 kihalali badala ya hatua zangu, naomba anitafute kabla ya Jumatatu. Tunakutana uani kwa Bibi saa kumi jioni. Malipo hakuna, ila mihogo ya kukaanga ipo, na pilipili yake si ya kawaida.

Na wewe uliyepanga bondeni kama mimi, kabla hujalala leo mwulize mwenye nyumba wako karatasi zake zikoje.

Wasalaam, tupo pamoja.